Sura ya Sita: Sanduku Lililosahau Jina Lake

Ukiipata leo SPARCstation 1, iwe imetolewa kwenye ghala la chuo au imenunuliwa kwa mtu anayekusanya mashine za zamani, na ukaiunganisha na umeme, feni itavuma, mashine itaikagua kumbukumbu yake, kisha itaandika kwenye kioo habari ya kusikitisha: kitambulisho changu si halali. Pale inapopaswa kutaja anwani yake ya mtandao, namba iliyoandikwa kiwandani kwa ajili yake peke yake na si kwa mashine nyingine yoyote duniani, utakuta herufi ff zimejipanga mara sita. Saa yake haijui mwaka. Prosesa ni nzima, kumbukumbu ni nzima, kibodi inaitika kila ukiigusa. Kilichopotea ni jina.

Ilipokuwa mpya, mwaka 1989, mashine hiyo ilijua jina lake na majina ya jirani zake. Ilitengenezwa na Sun Microsystems, kampuni ya California, kwa ajili ya watu ambao kazi yao ni kubuni: wachoraji wa saketi, wasanifu wa injini, watunzi wa programu. Wenyewe waliiita kituo cha kazi, kuitofautisha na kompyuta binafsi za ofisini zilizotumika kuandikia barua na kupigia hesabu. Nimeitengea sura nzima kwa sababu naiheshimu kuliko kompyuta nyingine yoyote ya mezani, na kwa sababu ugonjwa wake wa kusahau jina unalieleza wazo lililoizaa kuliko historia yoyote ya kampuni. Ugonjwa huo nitaurudia. Kwanza tulifungue sanduku.

Ni mraba wa sentimita 41 kwa 41, na kimo chake ni sentimita 7 tu. Wamarekani waliliita sanduku la pizza, na jina hilo likarithiwa na kila kompyuta bapa iliyofuata. Unalegeza skrubu mbili za nyuma, mfuniko unainuka, na kila kitu kiko wazi mbele yako: nafasi ya diski mbili za megabaiti 104 kila moja, kisomea disketi, kisanduku cha umeme, na bodi moja yenye ukubwa unaokaribia karatasi ya kuandikia barua. Vipande vya kumbukumbu vimesimama kwa safu, kila kimoja megabaiti moja, 16 kwa jumla. Kando yake kuna matundu matatu ya kuchomekea kadi za ziada. Prosesa inakwenda kwa megahezi 20 na kutekeleza maagizo milioni 12.5 kwa sekunde.

Namba hiyo ya mwisho haina maana bila kitu cha kuilinganisha nacho. Mwaka 1977 kampuni ya DEC ilitoa VAX-11/780, mashine yenye ukubwa wa makabati ya nguo, ambayo vyuo na viwanda viliitumia kwa watu kadhaa kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo iliyofanywa kipimo cha kasi: VAX moja ni maagizo milioni moja kwa sekunde. Miaka 12 baadaye mhandisi mmoja aliwekewa VAX 12 na nusu chini ya kioo chake, kwa bei iliyoanzia karibu dola 9,000. Ilikuwa bei ya gari dogo jipya Marekani wakati ule, kwa hiyo hakuna aliyeinunua kuchezea. Lakini kwa kampuni iliyozoea kununua VAX, ilikuwa kama mtu aliyekwenda sokoni kutafuta kuku akaambiwa pesa yake inatosha ng'ombe.

Kabla ya hapo mhandisi alikuwa mpangaji katika nyumba ya mwenziwe. Kompyuta kubwa ilikuwa kama bomba moja la maji la mtaa. Kila mtu alikuwa na ndoo yake, yaani kioo na kibodi vilivyounganishwa kwa waya, lakini maji yalikuwa ya wote. Alfajiri yalitoka kwa kasi. Saa nne asubuhi, watu wakishajaa, yalidondoka tone kwa tone. Watunzi wengi wa programu wa miaka ya 1970 walijizoeza kufanya kazi usiku wa manane kwa sababu hiyo tu. Tabia hiyo ya kukesha imebaki katika ufundi huu hata leo, ingawa bomba la mtaa limeshasahaulika.

Miongoni mwa watu wa kwanza kuonja bomba la nyumbani walikuwa watafiti wa Xerox huko Palo Alto. Mwaka 1973 walijenga Alto, kompyuta ya mtu mmoja yenye kioo cha kuchora picha, kipanya, na waya wa mtandao. Xerox iligawa baadhi ya mashine hizo kwa vyuo, Stanford kikiwamo, na huko zikamtia hamu kijana wa Kijerumani aliyekuja kusomea shahada ya uzamivu, Andy Bechtolsheim. Alitaka mashine ya namna ile, lakini ambayo chuo kingeweza kuijenga chenyewe. Kwa hiyo alichukua prosesa ya Motorola 68000, ambayo mtu yeyote aliweza kuagiza, na akachora bodi ambayo kila sehemu yake ilipatikana katika katalogi za wauzaji. Mradi ulikuwa wa mtandao wa chuo, Stanford University Network, na herufi za kwanza za maneno hayo zikazaa jina Sun, yaani jua.

Mahali hapa napenda kutua kidogo, kwa sababu hapa ndipo tabia ya familia nzima ya mashine hizi ilipoumbika. Fundi mwenye kipaji kama Bechtolsheim angeweza kubuni kila kipande mwenyewe. Alifanya kinyume. Alihesabu kuwa uzuri wa mashine yake utatokana na kutokuwa na siri: sehemu zinazouzwa kwa wote, waya wa mtandao wa kawaida, na mfumo endeshi ambao wenzake walikuwa tayari wanaujua. Bodi ile ile iliwafaa hata waliokuwa na haja tofauti kabisa. Mafundi wa Stanford waliitumia kujenga vifaa vya kuunganisha mitandao ya majengo ya chuo, na kutoka kwenye vifaa hivyo ikazaliwa kampuni ya Cisco mwaka 1984.

Mfumo endeshi ulikuwa Unix, na wenyewe ulikuwa na historia ya milango iliyoachwa wazi. Ken Thompson na Dennis Ritchie waliuanza mwaka 1969 katika Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya AT&T. Kwa makubaliano ya mwaka 1956 na serikali ya Marekani, AT&T haikuruhusiwa kuingia katika biashara ya kompyuta. Ikawa na kitu kizuri ambacho haiwezi kukiuza kama bidhaa, hivyo ikawapa vyuo kwa ada ndogo, pamoja na msimbo wake wote ulioandikwa na binadamu, unaosomeka na kurekebishika. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliupokea kama watoto waliopewa redio pamoja na bisibisi. Kiongozi wao alikuwa Bill Joy, aliyeandika kihariri cha maandishi kiitwacho vi. Toleo la Berkeley la mwaka 1983 lilikuwa na itifaki za TCP/IP ndani yake, lugha ile ile ambayo intaneti inaizungumza mpaka leo.

Basi tarehe 24 Februari 1982 Sun Microsystems iliandikishwa. Vinod Khosla, mhandisi kutoka India aliyekuwa amesomea biashara Stanford, ndiye aliyemsukuma Bechtolsheim. Yeye alikuwa ametoka katika kampuni ya programu za kuchora saketi iliyolazimika kujijengea kompyuta zake kwa sababu sokoni hapakuwa na za kufaa, na alijua maumivu hayo. Alimleta Scott McNealy, aliyesoma naye, kusimamia kiwanda. Bill Joy alijiunga muda mfupi baadaye akiwa na Unix yake kwapani. Wanne hao walikuwa na umri wa miaka 26 na 27.

Hawakuwa peke yao wala hawakuwa wa kwanza. Kule Massachusetts kampuni ya Apollo, iliyoanzishwa mwaka 1980, ilikuwa imeshatoa vituo vya kazi tangu mwaka 1981, na kwa maoni yangu vilikuwa vizuri. Namna mashine za Apollo zilivyoshirikiana mafaili kwenye mtandao ilikuwa na ulaini ambao Sun ilichukua miaka kuukaribia. Lakini kila kitu cha Apollo kilikuwa cha Apollo: mfumo endeshi wake, mtandao wake wa duara, programu zake. Mwamba ngozi huvutia kwake. Mteja aliyenunua mashine moja alilazimika kununua ya pili hapo hapo, na mwanafunzi aliyemaliza Berkeley akakalishwa mbele yake aliona mji asioujua mitaa yake. Akiwekwa mbele ya Sun alijiona amefika nyumbani. Kila mwaka vyuo vilitoa mafundi wapya wanaoijua Unix, na Sun haikulipa hata senti kuwafundisha. Mwaka 1989, mwaka ule ule SPARCstation 1 ilipotangazwa, Hewlett-Packard iliinunua Apollo.

Prosesa ya SPARCstation ilitoka pia kwa majirani wa chuo. David Patterson na wanafunzi wake wa Berkeley walikuwa wamegundua kitu kilichowashangaza wengi: prosesa zilizokuwa zinasifiwa kwa kujua maagizo mengi makubwa zilitumia muda wao mwingi kwenye maagizo machache madogo. Wakajenga chipu inayojua machache tu, karibu kila moja likiisha ndani ya pigo moja la saa. John Hennessy alifanya kazi kama hiyo Stanford, na mwaka 2017 wawili hao walipewa pamoja Tuzo ya Turing. Sun iliyachukua mawazo ya Berkeley ikaunda SPARC, iliyotangazwa mwaka 1987. Alama yake ya pekee ni namna inavyohifadhi hesabu zinazoendelea. Programu inapoiita programu ndogo nyingine, prosesa za kawaida hulazimika kuyaandika pembeni yote zilizokuwa zinayakumbuka, kisha kuyasoma tena. SPARC husogeza ubao, kama mwalimu mwenye mbao kadhaa za kuteleza: anavuta ubao mtupu, anafanya hesabu mpya, na akimaliza anaurudisha wa kwanza, hesabu za mwanzo zikiwa pale pale. Na usanifu huo haukufichwa. Kampuni nyingine ziliruhusiwa kutengeneza chipu za SPARC, na zikahimizwa hata kutengeneza mashine zinazofanana na za Sun zenyewe.

Sasa tukae kwenye kiti cha mhandisi.

Mbele yake kuna kioo kikubwa na kizito cha inchi 19. Kina nukta 1,152 kwa upana na 900 kwa kimo, zaidi ya nukta milioni moja, wakati kompyuta nyingi za ofisini za miaka ile zilionyesha mistari 25 ya maandishi, na zile mpya zilikuwa na nukta laki tatu hivi. Katika vioo vya bei nafuu kila nukta ilikuwa nyeusi au nyeupe, basi. Maandishi meusi yalitulia juu ya weupe kama chapa ya kitabu. Dirisha moja lina msimbo anaouandika, la pili linaonyesha kompaila ikiugeuza msimbo huo kuwa programu, la tatu lina kitatuzi kinachomwonyesha programu imekwama mstari gani. Leo hata mtoto wa shule ana madirisha matatu. Wakati ule, kwa mtu aliyetoka kwenye kioo cha kijani cha mistari 24, ilikuwa kama kuhama kutoka dawati la shule kwenda meza ya fundi seremala, ambapo mbao, randa na patasi vyote vinaonekana kwa pamoja.

Kibodi yake ina safu ya vitufe upande wa kushoto ambavyo bado navitamani: Nakili, Bandika, Kata, Tafuta, Tangua, kila kazi ikiwa na kitufe chake. Kipanya kina vitufe vitatu, na hakina gololi tumboni kama vya wenzake. Kinatoa mwanga, na kinatembea juu ya bamba la chuma linalong'aa lililochorwa mistari myembamba. Kinahesabu mistari hiyo. Ukilizungusha bamba robo duara, kipanya kinapotea njia: unakisukuma mbele, mshale unakwenda kando. Bamba likipotea, kipanya hakina kazi. Wahandisi walilitunza kama fundi cherehani anavyoitunza futi yake.

Kuna kitufe kimoja zaidi, Stop, ambacho kikibonyezwa pamoja na herufi A kinafanya jambo ambalo mashine za leo hazikubali. Unix nzima inasimama papo hapo, madirisha yanaganda, na mtu anajikuta anazungumza na tabaka la chini kabisa la mashine, programu iliyochomwa ndani ya chipu ya kuwashia. Nayo inajibu kwa neno dogo la kusema iko tayari: ok. Hapo anaweza kuchungulia kumbukumbu, kuijaribu diski, hata kuiandikia programu fupi kwa lugha ya Forth, kisha akaandika go na Unix ikaendelea kama iliyoamka kutoka usingizini. Mpango huo, kazi ya Mitch Bradley, nao ulitolewa hadharani na mwaka 1994 ukawa kanuni rasmi ya wahandisi. Kompyuta za Apple za miaka iliyofuata ziliutumia.

Mimi nimeandika sehemu kubwa ya kitabu hiki kwenye kompyuta ambayo siwezi kuifungua bila kuivunja, wala kuiuliza chochote kabla haijamaliza kuwaka. Ni nyepesi, ni ya kasi kupita kiasi, na nashukuru kuwa nayo. Lakini kila ninaposoma maelekezo ya SPARCstation najikuta nasoma barua kutoka kwa watu waliodhani mnunuzi ni mwenzao.

Kilichowafanya wahandisi waipende zaidi, hata hivyo, hakikuwa ndani ya sanduku. Mwaka 1984 Sun ilianza kujenga NFS, mpango wa kuyafanya mafaili yaliyo kwenye mashine ya mbali yaonekane kana kwamba yako hapa. Mtumiaji hakulazimika kuyaleta wala kuyanakili. Aliyafungua tu. Mafaili yake yote yalikaa kwenye seva, kompyuta kubwa iliyofungiwa chumba chenye kiyoyozi. Akihamia meza nyingine, ghorofa nyingine, akaandika jina lake na neno lake la siri, nyumba yake ilimfuata: barua zake, programu zake, mipangilio ya kioo chake. Mashine ilikuwa yake kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa anakula mapigo ya prosesa yake, na papo hapo haikuwa yake, kwa kuwa hakikuwepo chochote ndani yake ambacho angelia kikipotea. Sun iliuza hata mashine zisizo na diski kabisa. Ziliamka zikiwa hazina kitu, zikauliza mtandao, zikapewa Unix nzima kupitia waya. John Gage, mmoja wa watu wa mwanzo wa kampuni, aliliweka wazo hilo kwa maneno yaliyokuwa kaulimbiu yao kwa miaka: mtandao ndio kompyuta.

Mpango huo ulikuwa na gharama yake. Seva ikianguka, kila kioo katika jengo kiliandika mstari ule ule, kwamba seva ya NFS haijibu na bado inajaribiwa, na watu wakatoka vyumbani mwao mmoja mmoja wakakutana koridoni. Kisha mstari wa pili ukatokea, seva iko sawa, na kila programu ikaendelea pale pale ilipokuwa imeachia, mara nyingi bila herufi moja kupotea. Waliobuni NFS waliamua kwa makusudi kwamba seva isikumbuke chochote kuhusu wateja wake. Kila ombi lilijitosheleza, kwa hiyo seva iliyofufuka haikuhitaji kuuliza tulikuwa tumefika wapi. Nauona uamuzi huo kuwa wa busara isiyo na makelele, na nimekutana na mifumo mingi ya kisasa inayoanguka vibaya kwa kuwa haina busara hiyo.

Na NFS nayo Sun haikuifungia. Ilichapisha maelezo yake yote, ikawapa washindani, ikawasaidia kuijenga. Mficha uchi hazai. Ndani ya miaka michache mashine za IBM, DEC na wengineo zilikuwa zinafungua mafaili ya Sun na Sun inafungua ya kwao, na kila mashine ya mgeni iliyoongezwa kwenye mtandao iliifanya Sun kuwa na faida zaidi kwa mwenye nayo. Mwaka 1988 mapato ya kampuni yalipita dola bilioni moja, miaka sita tangu izaliwe.

Sanduku la pizza likazaa ndugu. Mwaka 1990 ikaja SPARCstation 2, mwaka 1992 ya 10, mwaka 1994 ya 20, zote katika umbo lile lile au karibu yake. Filamu ya Toy Story ya mwaka 1995, ya kwanza ndefu kuchorwa yote kwa kompyuta, picha zake zilikokotolewa na SPARCstation 20 zipatazo 117 zilizopangwa rafuni. Mwaka huo huo Sun ilitoa Java, lugha aliyoibuni James Gosling, ambayo baadaye ilitumika kuandikia programu za simu za Android. Kijana anayetuma pesa kwa simu Kariakoo au Gikomba anagusa tawi la mti huu bila kujua. Google nayo, ilipokuwa bado mradi wa wanafunzi wawili Stanford, ilikuwa na mashine ya Sun miongoni mwa kompyuta zake za kwanza, na mwaka 1998 Bechtolsheim ndiye aliyewaandikia hundi ya dola 100,000.

Jua lilianza kupinda palepale lilipokuwa utosini. Kompyuta binafsi zenye prosesa za Intel zilikuwa zinakua haraka kwa sababu ile ile iliyoikuza Sun: sehemu zinazouzwa kwa wote, wajenzi wengi, hakuna siri. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alianza kuandika kiini cha mfumo unaofanana na Unix kwa ajili ya kompyuta hizo za bei nafuu, akakitoa hadharani. Na ni wakati huo huo Sun ilipoanza kufunga milango. Mfumo endeshi wake mpya, Solaris 2, ulitoka mwaka 1992 bila kompaila ya C, chombo ambacho kila mtunzi wa programu wa Unix alikihesabu kuwa sehemu ya nyumba, kama jiko. Aliyeitaka alitakiwa kuinunua kando. Watu hawakununua, walikimbilia kompaila ya bure ya mradi wa GNU wa Richard Stallman, wakaifanyia kazi, wakaiboresha. Kompaila hiyo hiyo ndiyo iliyoijenga Linux. Sidhani uamuzi mmoja uliiangusha Sun, na bei za Intel zingeiumiza kwa vyovyote vile. Lakini wale waliokuwa wameipenda kwa moyo wote waliuona mlango ukifungwa, na wakaanza kutazama kwingine.

Mwezi Januari 2010 kampuni ya Oracle ilikamilisha kuinunua Sun. Eneo lake la ofisi huko Menlo Park lilichukuliwa na Facebook, na bango la barabarani halikung'olewa: liligeuzwa tu. Mbele likawekwa jina la wapangaji wapya. Aliyezunguka nyuma yake aliliona jina la Sun limebaki.

Sasa ule ugonjwa. Kwenye bodi ya SPARCstation 1, katika soketi yake, kuna chipu nyeusi, nene kuliko zote zinazoizunguka. Ni kumbukumbu ya baiti 2,048 tu, pamoja na saa. Unene wake unatokana na betri ya lithiamu na fuwele ya kupigia mapigo ya saa, vyote vimezamishwa ndani ya plastiki ngumu kiwandani. Humo ndimo jina lilimokuwa: aina ya mashine, namba yake ya kipekee, anwani yake ya mtandao. Betri ilitarajiwa kudumu miaka kama 10, na katika mashine ambazo thamani yake ilishuka nusu kila baada ya miaka michache, hakuna aliyefikiria mwaka wa 11. Hakuna mlango wa betri, wala skrubu. Katika sanduku zima lililojengwa na watu walioamini katika sehemu za wazi, hicho ndicho kitu pekee kilichozibwa, na ndicho kilichoua karibu zote.

Madhara yake yalizidi kupoteza saa. Programu ghali za kuchorea saketi na injini ziliuzwa kwa leseni iliyofungwa kwenye namba ile ya kipekee. Betri ilipokufa, programu ya maelfu ya dola iliiangalia mashine ile ile, juu ya meza ile ile, ikakataa kufunguka kwa sababu haimjui huyu ni nani. Na mtandao, ambao ndio ulikuwa uhai wake, haukuweza kuipokea mashine yenye anwani ya ff.

Tiba imegunduliwa na wapenzi wa mashine hizi, na inafanyika kwa vifaa vya fundi yeyote wa redio. Chipu inang'olewa kwenye soketi. Kwa tupa au msumeno mdogo, plastiki inakwanguliwa ubavuni mpaka vionekane vipande viwili vya chuma vinavyokwenda kwenye betri iliyokufa. Vinakatwa, nyaya mbili zinachomelewa kwa risasi, na upande wa pili wa nyaya unawekwa kishikio cha betri ya mviringo ya CR2032, ile ile ya saa na rimoti inayouzwa kwenye kila duka la vifaa vya umeme. Safari hii ikiisha, itabadilishwa kwa kidole.

Kisha jina linaandikwa upya, baiti kwa baiti, kwenye ile alama ya ok. Baiti ya kwanza ni 01. Ya pili ni 51, maana yake mimi ni SPARCstation 1. Zinafuata 08, 00, 20, ambazo ni ukoo: mashine za Sun za enzi hiyo zilianza anwani zao hivyo. Baada ya ukoo ndiyo namba ya mtoto mwenyewe, na kama karatasi yake ingali juu ya chipu unainakili. Kama imebanduka, jina la asili halipatikani tena popote, na itabidi uibatize. Mwongozo wa matengenezo unaojulikana zaidi ulitumia mfano wa c0, ff, ee, ambazo zikisomwa pamoja zinafanana na neno kahawa la Kiingereza, hivyo ziko mashine nyingi za Sun ulimwenguni leo zinazoitwa Kahawa, na mbili kati yao haziwezi kukaa kwenye mtandao mmoja. Baiti ya mwisho ni ya ushahidi. Inatokana na zote zilizotangulia, na ukikosea hata moja haitakubali. Kwa Kahawa ni 78.

Unazima, unawasha. Bango linatokea likiwa limekamilika: aina, kumbukumbu, anwani. Kama umeitoa diski, haina Unix yake yenyewe, na ndivyo ilivyobuniwa kuweza kuishi. Inatuma ujumbe mfupi kwenye waya kwa yeyote aliyeko, ikitaja anwani yake na kuomba mwenye kuijua aiambie inaitwa nani hapa mtaani. Ni hodi, hakuna neno jingine. Inabisha, inasubiri, inabisha tena. Pembeni, kompyuta ndogo ya Linux yenye ukubwa wa kadi ya benki, ambayo mwenye nyumba ameiandikia jina hilo kwenye orodha yake, inaisikia, nayo inaitika.